Kumbe Alikuwa Anaaga

Baba mdogo alizikwa Ujiji siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano jioni habari ya jembe ilikuwa imeshasimuliwa mara tatu.

Jembe lilikuwa la jirani yake, mzee waliyeswali naye safu moja kwa miaka mingi. Baba mdogo aliliazima mvua za kwanza zilipoanza, akakaa nalo kama watu wanavyokaa na majembe ya watu, na wiki moja kabla ya kufariki akalirudisha likiwa na mpini mpya. Usiku wa kwanza, pale mkekani, mzee alisema hivyo tu: alinirudishia jembe langu, kalitia na mpini. Asubuhi walipofika wageni kutoka Kasulu, jembe likawa limepata maneno: "Aliniambia, mzee mwenzangu, chukua jembe lako, mimi kazi nalo nimemaliza." Jioni yake baba mdogo akawa ameushika mkono wa mzee kwa muda mrefu kuliko kawaida. Na kila habari ilipofika mwisho, watu waliitikia kwa pamoja, taratibu, "Kumbe alikuwa anaaga."

Aliyewahi kukaa msibani huku kwetu anayajua maneno hayo. Marehemu alilipa deni la dukani, kumbe alikuwa anaaga. Alipita kwa dada yake bila sababu, akanywa uji, akaondoka, kumbe alikuwa anaaga. Mimi nina langu pia. Ijumaa ile alinipigia simu akauliza dagaa wa mwezi huu wakoje, nikamwambia wazuri, wamekauka vizuri, akasema "Alhamdulillahi" akakata. Baba mdogo alikuwa na kawaida ya kunipigia kila Ijumaa. Simu ile ningekuwa nimeisahau kufikia Jumamosi kama nilivyozisahau nyingine zote. Sasa naijua neno kwa neno.

Sisemi kwamba mzee aliongeza chumvi. Mtu aliyefiwa, masikio yake hurudi nyuma kusikiliza upya, na kwa kuwa safari hii anaujua mwisho, anasikia ambayo mara ya kwanza yalimpita. Nikiwa nimekaa pale nyuma ya mama na shangazi zangu, nikaliona jambo nililokuwa nikilitafuta kwa karibu mwaka mzima katika uandishi wangu. Nataka kuliandika leo kabla halijanitoka.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mchuuzi wa dagaa. Ninaanika na kuuza Kibirizi pamoja na mama yangu, na usiku naandika hadithi za mfululizo ninazowatumia wasomaji wangu kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila Alhamisi. Nilianza mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa ili samaki wazaliane, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi 3 vichanja vya kuanikia vilikaa vitupu, mikono haina kazi, na kichwani kulikuwa na mwanamke anaitwa Zuhura ambaye hakutaka kunyamaza.

Zuhura alikuwa na mume, Sadi, mvuvi wa dagaa, na wasomaji walimpenda Sadi kuliko nilivyotarajia. Sehemu ya 11 nikamuua. Dhoruba ilikuja usiku, ikaupindua mtumbwi wao, wenzake watatu wakaokolewa, yeye akazama. Niliiandika kwa uchungu, nikaituma saa tatu usiku, nikasubiri vilio. Vilio vilikuja, ila havikuwa vya kumlilia Sadi. Dada mmoja wa Mwandiga aliandika, "Umemuua kwa sababu umechoka kumwandika." Mwingine akauliza dhoruba hii imetoka wapi. Nikajitetea. Nikawaambia mtu yeyote wa Kigoma anajua kwamba ziwani dhoruba haipigi hodi, na kwamba wapo tuliowazika bila onyo lolote. Yule dada wa Mwandiga akanijibu kwa sentensi moja: "Ziwani haipigi hodi, lakini hapa siyo ziwani dada, hapa ni kwenye hadithi."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba ana haki.

Maisha hayana deni kwetu la kutueleza kwa nini. Mwandishi analo. Msomaji anapokaa na hadithi yangu usiku, amechoka, bando lake linakwenda, amenikabidhi imani kwamba kila nilichokiweka nimekiweka nikijua. Nikimrushia dhoruba kutoka popote, imani hiyo inavunjika, na haivunjiki kwa sehemu ile tu, inarudi kuharibu hata zile alizozipenda.

Kinachoiokoa hadithi hapo ni dokezo. Shuleni mwalimu wetu wa fasihi alituandikia ubaoni mbinu rejeshi, yaani hadithi kurudi nyuma, na kando yake kisengere mbele, yaani hadithi kurukia yajayo, tukakariri kwa ajili ya mtihani. Ninachokizungumzia mimi si kurukia mbele. Hadithi inabaki palepale ilipo, watu wanakula, wanagombana, wanachambua dagaa, ila katikati yao kuna kitu kimoja ambacho mbele ya safari kitageuka maana. Tukio likija, msomaji anahisi kwamba lilikuwa njiani muda wote. Anasema kumbe. Hilo neno "kumbe" ndilo nililolisikia mkekani Ujiji, na naamini hadithi nzuri zote zinalitafuta.

Wengi wakitaka kulieleza hili husema dalili ya mvua ni mawingu. Methali naipenda, lakini kwa mwandishi inapotosha. Mawingu yanaonekana na kila mtu, na kila mtu anajua maana yake. Ukimwandika mvuvi anaagana na mkewe kwa machozi, bundi analia juu ya bati, taa inazimika yenyewe, hapo hujadokeza, umetangaza. Tena kwa sisi waanikaji, anayesubiri mawingu ameshachelewa, dagaa wake wameshalowa. Mama yangu, anayeanika Kibirizi tangu kabla sijazaliwa, hatazami juu. Anatazama moshi wa jiko la mama lishe aliye jirani yetu. Siku moshi unapoacha kupanda ukalala chini, ukaanza kutambaa kuelekea vichanjani, anasema "kusanyeni," na jua bado linawaka. Mgeni akipita anaona moshi tu, anajua chai inachemka, na ni kweli chai inachemka. Dokezo ninalolitaka mimi ni moshi ule. Una kazi yake halali pale ulipo, ya kupika chai, na ile kazi ya pili imekaa kimya ndani yake.

Lakini nisiseme kwamba dokezo ni lazima lifichwe. Bibi yangu hakuwahi kuficha kitu. Akiita "Hadithi, hadithi!" tukaitikia "Hadithi njoo!", dakika tano hazijapita ameshatoa katazo. Mume anasafiri, anamwachia mkewe vyungu saba: sita fungua utakavyo, cha saba usikiguse. Sisi watoto tulijua palepale kwamba chungu cha saba kitafunguliwa. Katika hadithi za bibi katazo likishatamkwa limeshavunjwa, kilichobaki ni lini na kwa gharama gani. Tulijifunika kanga usoni tukimsikia yule mke anafagia karibu na vyungu, anapanga kuni karibu na vyungu, na hofu yote ilitokana na kujua. Ndivyo ilivyo hata kwa Fumo Liyongo. Tukishaambiwa kwamba hauawi na kitu isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, hatuulizi tena atakufaje. Tunaanza kumtazama kwa wasiwasi kila anayemkaribia amelala.

Mfano wa dokezo la wazi ambao siuchoki ni ule wa Kaizari. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapo Tabora, aliitafsiri tamthilia hiyo ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairekebisha ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mapema kabisa, katikati ya kelele za sherehe, mtabiri anampigia Kaizari ukelele ajihadhari na siku ya 15 Machi. Kaizari anamtazama, anasema huyu anaota, tumwache. Baadaye mkewe, Kalpurnia, anaota sanamu ya mumewe inabubujika damu, na watu wa Roma wanakuja wakitabasamu kunawa mikono ndani yake. Kaizari anakubali kubaki nyumbani. Hapo ndipo anapoingia Desio, mmoja wa waliopanga kumuua, na kuifasiri ndoto ileile upya: damu ile, anasema, maana yake Roma itapata uhai kutoka kwako. Kaizari anavaa joho anatoka. Njiani anamwona yule mtabiri, anamtania kwamba 15 Machi imefika. Mtabiri anamjibu kwamba ndiyo imefika, lakini haijapita.

Ninachokipenda ni kwamba Kaizari hakunyimwa chochote. Habari tuliyonayo sisi anayo na yeye, mkononi, na mkewe amepiga magoti kumsihi. Tunamtazama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe na adui, na anaikubali kwa sababu imesomwa kwa sauti tamu. Sijui uchungu mkubwa kuliko huo katika hadithi, na usingewezekana kama Shakespeare angetuficha tarehe.

Kwa hiyo kuna dokezo la chungu cha saba na kuna dokezo la moshi. La kwanza linaleta hofu, la pili linaleta kumbe. Mimi la kwanza nililizoea tangu utotoni; la pili ndilo lililonishinda, na iliyonifundisha ni meli.

Kila mtu wa hapa anaijua Liemba, ila wengi tunaisimulia vibaya. Tunasema hivi: ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaona vita inawaelemea, wakaizamisha wenyewe isije ikachukuliwa. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya ziwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Msikilizaji anashangaa, kisha anauliza: injini imekaa majini miaka yote hiyo ikapona vipi? Unamjibu kwamba mafundi waliipaka grisi nzito kabla ya kuizamisha. Anasema "aa." Imekwisha.

Sasa isimulie hivi. Julai 1916, amri imetoka, meli inatakiwa kuzamishwa. Chini kwenye chumba cha injini mafundi wanapaka grisi. Wanapaka chuma kwa chuma, kwa uangalifu, kama watu wanaoiandaa kwa safari. Usiseme kwa nini. Panda juu, izamishe, maji yafunge. Pitisha vita, pitisha utawala mmoja uondoke na mwingine uingie. Halafu iinue. Injini ikipona, humwelezi mtu kitu; msikilizaji ataikimbilia ile grisi mwenyewe. Habari ni zilezile, miaka ni ileile, umehamisha grisi tu kutoka nyuma ya swali ukaiweka mbele yake. Na kwa kuihamisha umepata zawadi nyingine: sasa tunajua jambo kuhusu mioyo ya wale mafundi ambalo hawakulisema.

Nikarudi kwa Sadi nikiwa na somo hilo. Nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kumzamisha: mtumbwini walikuwa wanne, wakapona watatu, kwa nini yeye hakupona? Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimemuua mtu bila kujua amekufa kwa nini. Nilikaa na swali hilo wiki nzima nikichambua dagaa, nimekaa chini, mgongo unaniuma, hadi mgongo wenyewe ukanipa jibu. Hiki hapa nilichokiandika nilipoiandika hadithi upya, sehemu ya 4, muda mrefu kabla ya dhoruba:

"Zuhura alijaribu kukaa juu ya ndoo, ikambana. Akajaribu chini kwenye saruji, kiuno kikakataa. Mimba ilikuwa ya miezi saba na karai zilikuwa mbili, zimejaa. Sadi akaingia ndani akatoka na jaketi lake la kuokolea, lile la rangi ya chungwa lililopauka mabegani, akalikunja mara mbili akamsukumia chini. 'Kaa hapo.' 'Na wewe?' 'Mimi nimezoea mbao.' Akavuta karai moja upande wake akaanza kuchambua. 'Hawa wa leo wana mchanga,' akasema. 'Yule tajiri wa Dar akiuona mchanga huu atatukata bei.' Zuhura akamuuliza bei gani tena, kwani ile ya mwezi uliopita amelipa?"

Baada ya hapo wanagombana kuhusu deni la tajiri, ugomvi mrefu, wa hasira kabisa.

Niwaonyeshe ninachokiona mimi hapo ndani. Jaketi limetolewa kwa sababu ya haki: mke ni mjamzito na anaumwa kiuno. Msomaji akiulizwa sehemu hii inahusu nini, atasema inahusu upendo wa Sadi, na atakuwa amesema kweli. Maneno ya hatari ni "Na wewe?" Hapo mlango unafunguka kidogo, na kama Sadi angejibu kitu chochote kuhusu ziwa, kila kitu kingemwagika. Rasimu ya kwanza nilimfanya Zuhura aseme, "Usije ukalihitaji." Nilikuwa nimelipenda sana neno hilo, nikalifuta. Jibu la Sadi linahusu kukaa tu, mbao za mtumbwi na makalio yake, basi. Kisha bila kupumua unakuja mchanga, na nyuma ya mchanga zinakuja pesa. Mtu akisikia habari ya pesa ambayo haijalipwa, akili yake yote inahamia huko. Ugomvi ule niliuandika kwa bidii kwa sababu ndio unaolifunika jaketi.

Sehemu ya 11 sikuligusa tena neno "jaketi." Niliandika kwamba walioleta habari walimkuta Zuhura uani anachambua. Walizungumza wamesimama. Walipomaliza, Zuhura aliinuka, akageuka, akatazama alipokuwa amekaa. Nikaishia hapo.

Kilichomuua Sadi ni jambo jema alilolifanya mbele ya macho yetu, tukafurahi naye. Dhoruba bado haikupiga hodi. Sikuongeza wingu hata moja.

Kwa kuwa mmekuwa mkiniuliza namna ya kuficha, niseme machache niliyoyajaribu mwenyewe. Kitu kikitajwa cha kati katika vitu vitatu hakionekani sana. Cha mwisho hubaki sikioni, kwa hiyo usikiweke mwisho. Neno la kweli ukimpa mtu ambaye hakuna anayemwamini, mlevi, mtoto, bibi anayesahau, litasikika na halitaaminiwa. Lakini dawa hii imetumika sana na wasomaji wameshaijua ladha yake. Umbali nao una kipimo. Dokezo na tukio vikikaa sehemu moja, msomaji anaona mkono wako. Vikitengana sehemu 30, amesahau, na kumbe haiji, labda kitu kile kiwe kimepita mbele ya macho yake mara moja zaidi katikati, kwa shughuli nyingine kabisa. Jaketi lile nililipitisha tena sehemu ya 7: mtoto wa jirani amelilalia.

Kuna kanuni maarufu ya Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, aliyemwandikia mwenzake mwaka 1889 kwamba usiweke jukwaani bunduki iliyojazwa risasi ikiwa hakuna anayekusudia kuifyatua. Naiheshimu, lakini nadhani jukwaa si riwaya. Jukwaani kila kitu kimebebwa na mtu kuletwa pale. Nyumba ya Zuhura ina sufuria, kandambili, kalenda ya mwaka uliopita, na lazima viwepo vitu ambavyo havitafyatuka kamwe, la sivyo msomaji ataanza kuhesabu bunduki badala ya kuishi na watu. Sehemu ileile ya 4 nilitaja ufa kwenye kuta za choo. Wasomaji wawili walisubiri choo kianguke hadi mwisho. Hakikuanguka. Ni ufa tu, vyoo vyetu vina nyufa.

Tatizo kubwa la sisi tunaotuma kwa sehemu ni kwamba hatuwezi kurudi. Mwenye kitabu anaandika mwisho, kisha anarudi ukurasa wa 9 kupanda mbegu, na msomaji hajui kwamba mbegu ilipandwa baada ya mavuno. Mimi nikituma Alhamisi, imetumwa. Kwa hadithi ya Sadi ilibidi nikae na aibu yangu hadi hadithi iishe, niiandike upya yote, niianze tena kwa kundi jipya. Sasa nimebadili mwendo. Nina kauntabuku ambamo kila kitu ninachokitaja kwenye hadithi bila kukipa kazi nakiandika: ufunguo usiofungua chochote, jirani anayehamia, wimbo anaoupenda shangazi. Nikikwama, sitafuti kitu kipya mbinguni. Nafungua kauntabuku, natafuta kitu ambacho msomaji ameshakiona na kukisahau, nakipa kazi. Ninafanya alichofanya yule mzee wa Ujiji. Jembe lilikuwepo. Lilirudishwa kweli, na mpini mpya lilikuwa nao kweli. Kifo kilipokuja ndipo yeye akarudi nyuma kulichukua.

Na mkekani watu hawakumbuki makubwa. Baba mdogo alihiji, aliozesha binti wanne, alijenga nyumba mbili. Hakuna aliyesema alikuwa anaaga kwa nyumba. Walishika jembe, uji, simu ya dakika moja. Tangu siku ile nimeacha kutafuta dokezo kwenye matukio mazito ya hadithi zangu. Natafuta kwenye kitu ambacho mhusika angeweza kabisa kutokifanya, na hakuna ambaye angeona tofauti.

Hadithi mpya ya Sadi ilipofika sehemu ya 11, yule dada wa Mwandiga, ambaye aliomba mwenyewe kuongezwa kwenye kundi la pili, alikaa kimya zaidi ya saa moja. Kisha akaandika maneno matatu: "Sehemu ya nne." Hakuna alichoongeza. Nikajua amepanda juu ya kundi zima kwa kidole, kurudi hadi kule, kulitazama jaketi.

Mama ni habari nyingine. Maandishi ya simu yanamsumbua macho, kwa hiyo namsomea kwa sauti. Tunafanya hivyo wakati wa mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na mitumbwi imelala ufukweni, sisi tumebaki na kazi ya kuchambua na kufunga magunia. Alikuwa hajaisikia hadithi ya Sadi kabisa, wala ile ya kwanza. Mwezi huu, baada ya kurudi kutoka Ujiji, tukaianza, sehemu moja kila jioni. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, anasikiliza, anacheka, anamlaumu mama mkwe wa Zuhura.

Sehemu ya 4, niliposoma "akalikunja mara mbili akamsukumia chini," mikono ya mama ilisimama. Nilikuwa sijafika kwenye mchanga. Nilikuwa sijafika kwenye pesa.

"Mwambie alichukue," akasema.

"Nani, mama?"

"Huyo kijana. Jaketi lake. Mwambie asiliache nyumbani."

Wasomaji zaidi ya 200 walipita hapo wakiona mapenzi. Mama alikuwa mke wa mvuvi kwa miaka 22. Usiku mwingi amekaa macho akihesabu taa zilizoko ziwani, na yeye hahitaji kuonyeshwa mara mbili jaketi limebaki upande gani. Moshi niliouficha kwa uangalifu wote ule, kwake ulikuwa chungu cha saba.

Nilidhani hadithi imeharibika kwake. Jioni iliyofuata aliketi kabla yangu. Tangu hapo kila tunapoanza, kabla sijatafuta nilipoishia, anauliza, "Amelichukua?" Namjibu bado. Anavuta karai, anainamisha kichwa, nasoma. Mtoto wa jirani alipolilalia, sehemu ya 7, alisema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo sana, na mimi nikaendelea kusoma kana kwamba sijasikia.

Jana tulimaliza sehemu ya 10. Mwezi umeanza kuchelewa kutoka, vijana wameanza kuzikagua taa za sola na kushona nyavu, na giza likiingia vizuri watatoka. Leo asubuhi tukiwa sokoni, katikati ya wateja, mama ameniuliza tena kama amelichukua. Nimemwambia tutaona jioni.